Begi la Belafonte, piano ya Nina Simone

Wanamuziki hawa wawili wa Marekani walisimama na Martin Luther King kudai haki za watu weusi, ila kila mmoja kivyake. Harry Belafonte alikuwa mtu wa kuchangisha. Mwaka 1964 yeye na mwigizaji Sidney Poitier walitua Greenwood, Mississippi, usiku, na begi lenye dola 70,000 taslimu za wanaharakati, huku Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakiwafukuza kwa magari. (Huyu ndiye aliyeimba Malaika na Miriam Makeba.)

Nina Simone hakubembeleza mtu. Bomu lilipoua wasichana wanne kanisani Birmingham, Alabama, Septemba 1963, alitunga “Mississippi Goddam”: mdundo wa kuchezeka, maneno ya moto. Baadhi ya vituo vya redio vilirudisha santuri zimevunjwa vipande.

Begi lilifaa zaidi siku ile. Mimi bado namsikiliza Simone.