Waliniagiza niongeze kigezo kimoja, hifadhidata ikabaki tupu

Kwanza niwatendee haki. Kupandisha programu ya Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python) kwenye jukwaa hili la kuendeshea programu za wavuti ni kazi ya dakika chache. Unaunganisha repo ya Git yenye msimbo wako, wanaisoma requirements.txt (orodha ya maktaba inazohitaji), wanatambua wenyewe kuwa ni Python, gunicorn, seva inayoendesha programu, inawaka, na cheti cha HTTPS kinakuja bila kuombwa. Siku ile ya kwanza ningewapa nyota tano.

Wiki kadhaa baadaye tukahamia kikoa chetu wenyewe, fomu zikaanza kukataa kwa kosa la 403 (ombi limekatazwa). Sababu inajulikana: tangu Django 4.0, CSRF_TRUSTED_ORIGINS, orodha ya anwani zinazoaminiwa kutuma fomu, inataka anwani iandikwe pamoja na https:// mbele. Mhudumu wao akaniagiza niiweke kama kigezo cha mazingira, yaani mpangilio unaokaa nje ya msimbo, kwenye dashibodi. Nikaweka, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

403 ikaisha. Ila sasa hakuna mtu anayeweza kuingia. Jina au nenosiri si sahihi, hata kwa msimamizi mkuu. Dashibodi ni kijani, logi haina kosa, ukurasa wa kuingia unarudisha 200 (mambo sawa) kama kawaida. Nikafungua shell, nikahesabu watumiaji kwa User.objects.count(). Jibu: 0.

Kilichotokea ni hiki. Ukigusa kigezo chochote, kontena la zamani (kisanduku kinachoendesha programu) linazimwa na jipya linaundwa kutoka kwenye imeji, nakala yake ya kuanzia, na diski ya lile la zamani inakwenda nalo. db.sqlite3, faili lenye hifadhidata yetu nzima, ilikuwa humo, pamoja na folda ya media yenye picha zote za risiti za kikoba. Na amri ya kuanzishia, niliyoinakili kwenye mfano wao wenyewe, inatanguliza migrate (amri ya kuunda majedwali ya hifadhidata) kabla ya gunicorn. Migrate haikukuta faili, ikatengeneza jipya: majedwali yote yapo, safu hakuna hata moja. Bila hiyo migrate kosa la "no such table" lingepiga kelele palepale. Mfano wao ndio ulioficha msiba.

Nikafungua tiketi. Jibu: "Diski ni ya muda. Imeandikwa kwenye nyaraka." Tiketi ikafungwa. Hata pole! Na ni mwenzao aliyeniagiza nibonyeze kitufe kile, wala hakuuliza data inakaa wapi. Mfumo unaoweza kusoma requirements.txt ukajua hii ni Django, unashindwaje kuona faili la .sqlite3 likiandikwa kwenye diski ya muda na kutoa onyo la mstari mmoja?

Anayetaka kuwatumia afanye hivi kabla ya mtumiaji wa kwanza kujisajili. Hifadhidata iwe Postgres inayokaa pembeni, nje ya kontena, isomwe kwa DATABASE_URL (kigezo chenye anwani yake) kupitia maktaba ya dj-database-url. Picha ziende kwenye hifadhi ya faili ya mtandaoni ya aina ya S3 kwa maktaba ya django-storages. Wanauza pia diski ya kudumu, lakini ichunguze vizuri: inaonekana programu inapokuwa hewani tu, si wakati wa ujenzi, kwa hiyo migrate ukiiweka kwenye hatua ya ujenzi haitaikuta. Tena diski hiyo inashikwa na kontena moja, basi kila toleo jipya linakuja na dakika ya kuwa nje ya hewa. Kisha jipime: ingiza rekodi moja, pakia picha moja, badilisha kigezo kisicho na maana, rudi uangalie kama vyote viwili vipo. Ningelifanya hilo mapema.

Nyota moja. Ingawa tangu tuhamie Postgres haijakwama hata mara moja, na kusukuma toleo jipya bado ni raha, kwa hiyo kwa mashine peke yake ni tatu, pengine nne. Lakini tiketi ile nimeifungua tena mara mbili nikiomba waondoe migrate kwenye mfano ule au waweke onyo juu yake, na mara zote mbili wameifunga bila neno. Inabaki moja.