Mafunzo ya Mtandaoni ya Kuzuia Ukatili wa Kijinsia Vyuoni: Darasa Zuri, Fomu Mbovu

Huduma ninayoichambua hapa ni ya aina ambayo vyuo vikuu vingi duniani vinainunua siku hizi: kifurushi cha mtandaoni chenye mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kingono na ukatili wa kijinsia, pamoja na mfumo wa kupokea malalamiko. Katika chuo ninachofundisha, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kila mtumishi, kuanzia profesa hadi mlinzi wa getini, anatakiwa kuyakamilisha mafunzo hayo. Nimeyapitia yote, ya wanafunzi na ya watumishi, na kwa kuwa ni mjumbe wa kamati inayosimamia masuala haya nilipewa pia akaunti ya majaribio, ambayo inamwezesha mtu kujaza fomu ya malalamiko bila taarifa hiyo kumfikia yeyote. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu bidhaa hizi zinafanana mno, na msomaji anaweza kuzikuta kasoro hizi hizi katika kifurushi cha chuo chake.

Nianze na kilichonifurahisha. Kati ya moduli tano za wanafunzi, ile inayohusu madaraka na alama za masomo imetungwa na mtu anayekijua chuo kwa ndani. Inamweleza mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu, na msimamizi wake ambaye hasemi neno lolote chafu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kisa. Ujumbe wa kwanza unamsifu kwa sura ya pili. Wa pili unafika usiku, ukimwomba radhi kwa kuchelewa. Wa tatu unamtaka aje ofisini jioni, wengine wakiwa wameondoka, "ili tuijadili sura ya tatu kwa utulivu". Mwanafunzi anapotoa udhuru, sura ya tatu inakaa bila kusomwa, na tarehe ya kuwasilisha inazidi kukaribia. Mafunzo yanamsimamisha msomaji baada ya kila ujumbe na kumuuliza kama hapo pana tatizo, kisha yanaonyesha kwamba kila ujumbe ukitazamwa peke yake unaweza kutetewa, ilhali ukiunganishwa na mingine unaeleza jambo ambalo mwanafunzi huyo amekwisha kulielewa tangu siku ya kwanza. Rushwa ya ngono huanza hivyo mara nyingi, kwa ukimya na kwa kazi kucheleweshwa, wala haisubiri mtu atamke masharti. Sijapata kuona jambo hili likielezwa vizuri namna hii katika mafunzo ya chuo, na natamani moduli hiyo moja ingetolewa bure kwa kila anayetaka kuitumia.

Maelezo kuhusu ridhaa nayo ni safi. Yanasema wazi kwamba ridhaa ya jana si ya leo, kwamba aliyelewa au kulala hawezi kuridhia, na kwamba kunyamaza si kukubali. Wanaume waliotendewa ukatili wametajwa bila dhihaka, na wanafunzi wenye ulemavu wamepewa mfano wao wenyewe, unaomhusu msaidizi ambaye mwanafunzi anamtegemea kila siku. Hapo sina la kuongeza.

Tatizo la mafunzo linaanza kwenye maswali ya kupima uelewa. Swali moja linaeleza kwamba umemwona mwenzako amelewa sana na mtu asiyemfahamu anamwongoza kuelekea chumbani, kisha linatoa majibu matatu: kuendelea na shughuli zako, kupiga picha, au kuhakikisha yuko salama. Hakuna mtu mzima atakayekosa, hata yule anayekusudia kufanya ubaya wiki hiyo hiyo. Moduli ya mwisho niliirukia moja kwa moja hadi kwenye maswali, nikapata alama zote na cheti chenye nembo ya chuo. Wanafunzi wamekwisha kuligundua hilo, na si ajabu kumwona mmoja wao akiiacha video icheze kwenye simu bila sauti huku akiendelea na kazi nyingine.

Muuzaji anajivunia takwimu mbili katika ripoti anazowaletea viongozi wa chuo, nazo ni asilimia ya waliokamilisha na asilimia ya walioongeza uelewa. Kwa maoni yangu hizi ni takwimu za mahudhurio tu. Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani, wakiwemo wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, walichapisha mapitio ya tathmini 140 za mikakati ya kuzuia ukatili wa kingono, na walichokikuta hakipendezi machoni pa wauzaji wa video fupi: vipindi vya mara moja vinaweza kuongeza maarifa au kubadili mitazamo kwa muda, lakini havijaonyesha kupunguza vitendo vyenyewe. Mikakati michache iliyoonyesha kupunguza vitendo ilikuwa mirefu zaidi au iligusa mazingira na sheria, na programu mbili kati ya hizo ziliwalenga vijana wa shule, si wanafunzi wa vyuo vikuu. Mafunzo haya huchukua chini ya saa moja, kwa hiyo chuo kinachoyanunua kikiamini kwamba kimenunua kinga kinajidanganya.

Kinga inayoweza kupimika ipo, ila ni ghali kwa muda. Charlene Senn, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Windsor nchini Kanada, aliandaa programu ya saa 12 kwa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, iliyogawanywa katika vipindi vinne. Washiriki hujifunza kutambua hatari inayotoka kwa mtu wanayemfahamu, hujadili kinachowafanya wasite kumkatalia, na hufanya mazoezi ya kujihami kwa maneno na kwa mwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, kutoka kwa wanawake 893 katika vyuo vikuu vitatu, yalionyesha kwamba katika mwaka uliofuata uwezekano wa kubakwa ulikuwa asilimia 5.2 kwa walioshiriki na asilimia 9.8 kwa waliopewa vijitabu tu. Wapo wanaosema kwamba programu hiyo inamtwisha mwanamke mzigo wa kuzuia kosa la mwingine. Hoja hiyo ina uzito, ingawa mafunzo yenyewe yanasisitiza kwamba lawama ni ya mtendaji peke yake. Na mimi nikiwekewa mezani njia iliyopunguza ubakaji kwa karibu nusu na njia iliyotoa vyeti, sitahitaji muda mrefu wa kuchagua.

Moduli ya mashuhuda, yaani ya wale wanaoona jambo likitendeka, imebanwa katika dakika chache. Inazitaja mbinu zinazofahamika za kuingilia moja kwa moja, kukatiza mazungumzo kwa kisingizio, au kumwita mwenye mamlaka, lakini haimpi mtu nafasi ya kuzifanyia mazoezi. Kukatiza mazungumzo kunahitaji ulimi uliozoea. Mapitio ya kitaaluma ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba programu za mashuhuda huwafanya wanafunzi waingilie kati mara nyingi zaidi, ila hayakupata ushahidi kwamba zinawapunguzia washiriki wenyewe tabia ya kutenda ukatili. Muuzaji anazitaja kana kwamba zinafanya yote mawili.

Sasa nije kwenye fomu, maana hapo ndipo fedha za chuo zimepotea. Mwanafunzi anayetaka kulalamika anafungua ukurasa wenye rangi tulivu na kitufe cha "Toka Haraka" kwenye pembe ya juu. Akikibonyeza anahamishiwa kwenye utabiri wa hali ya hewa, jambo la busara, ila historia ya kivinjari inabaki na anwani ya ukurasa aliotoka, na hakuna mahali anapoonywa kuhusu hilo. Akiendelea, anaulizwa jina la shahidi, na kisanduku hicho kina nyota nyekundu. Nilijaribu kukiacha wazi, na fomu ikakataa kutumwa. Mtu aliyeshambuliwa akiwa peke yake, kama ilivyo kwa wengi, analazimika ama kubuni shahidi ama kuandika neno lolote lile, na neno hilo litamrudia baadaye mbele ya kamati kama dalili ya kutokuwa mkweli. Kisanduku cha maelezo ya tukio kinafuata, na mtumiaji akikaa muda bila kuandika, mfumo unamtoa na maandishi yote yanafutika. Sidhani kama aliyeiunda fomu hii alimfikiria mtu anayeandika sentensi moja, anasimama, anarudi.

Akifanikiwa kutuma, barua pepe ya uthibitisho inafika mara moja, na kichwa chake kinasema: "Taarifa yako ya unyanyasaji wa kijinsia imepokelewa." Simu nyingi huonyesha kichwa cha barua pepe kwenye skrini hata ikiwa imefungwa. Anayeishi chumba kimoja na wenzake, au anayeshirikiana simu na mpenzi ambaye ndiye mtuhumiwa, ametangaziwa habari zake mwenyewe. Kichwa cha barua hubadilishwa kwa kazi ndogo sana, na kampuni imekwisha kuombwa ifanye hivyo. Hadi ninapoandika haijafanya.

Njia ya kulalamika bila kutaja jina ipo, lakini fomu inadai idara, mwaka wa masomo na jinsia. Katika idara yenye wanafunzi wa kike wanne, jina limekwisha kutajwa. Kibaya zaidi, mipangilio ya mfumo jinsi inavyokuja kutoka kwa muuzaji inapeleka nakala ya kila taarifa kwa mkuu wa idara husika, na hakuna swali linalomuuliza mlalamikaji kama mtuhumiwa ni mmoja wa watakaoisoma. Msimamizi yule wa tasnifu katika moduli niliyoisifu angeweza kuwa mkuu wa idara. Kampuni iliyoandika kisa hicho kwa ustadi ndiyo iliyounda bomba hili, na inaonekana waandishi na wahandisi wake hawajawahi kuketi pamoja.

Kuna njia nyingine za kuunda mfumo kama huu. Callisto, ulioanza kutumika katika vyuo nchini Marekani mwaka 2015, ulimruhusu mwanafunzi kuhifadhi maelezo yake yakiwa na tarehe bila kuyatuma kwa chuo, na kuchagua kwamba yafanyiwe kazi pale tu mtu mwingine atakapomtaja mtuhumiwa huyo huyo. Aliyedhulumiwa anapata nafasi ya kuandika kumbukumbu zikiwa bado mbichi, na uamuzi wa kulalamika anabaki nao mkononi. Katika huduma hii hakuna hata uwezo wa kuhifadhi rasimu.

Kuna kosa moja ambalo kwangu halivumiliki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinatakiwa kuanza kutumika ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Uzuiaji mimba wa dharura unawezekana hadi siku tano, nao pia ni bora uwahi. Taarifa hizi zipo ndani ya kifurushi, katika ukurasa wa mwisho wa moduli ya mwisho, chini ya kichwa "Rasilimali za ziada". Kwenye fomu ya malalamiko hazipo kabisa. Anayeifungua fomu hiyo usiku wa tukio anaulizwa jina la shahidi kabla ya kuambiwa kwamba muda wa dawa unakwenda.

Toleo la watumishi ni fupi na la kawaida, lakini lina jambo moja la maana: linaeleza mhadhiri afanye nini mwanafunzi anapomfungukia, yaani asikilize, asiahidi siri asiyoweza kuitunza, na aseme mapema ni nani analazimika kuambiwa. Haligusi hata kidogo wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, ingawa Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unawataja waziwazi walio mafunzoni miongoni mwa wanaopaswa kulindwa dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini.

Kwa chuo kinachofikiria kununua kifurushi cha aina hii, ushauri wangu ni kununua mafunzo peke yake, kuyatumia kama utangulizi wa vipindi vya ana kwa ana, na kuuacha mfumo wa malalamiko hadi mtu wa kamati apewe akaunti ya majaribio aijaze fomu kwa simu ya kawaida, mwanzo hadi mwisho. Mkataba pia usomwe kwa makini pale unapozungumzia usiri. Nchini Uingereza, masharti ya msimamizi wa vyuo vikuu yanavikataza vyuo kuwafunga walalamikaji midomo kwa mikataba ya usiri, na hilo linaweza kudaiwa popote bila kusubiri sheria. Katika kamati yetu nimependekeza moduli zibaki na fomu iondolewe, na nafasi yake ichukuliwe na namba ya simu inayopokelewa saa zote na mtu aliyefunzwa, ambaye jambo lake la kwanza litakuwa kuuliza kama anayepiga yuko salama na kama amekwisha kufika hospitali.