Jioni ya Forodhani, Unguja: Moshi Uliobaki Kwenye Mtandio

Kila mgeni wangu anayefika Unguja mimi humpeleka Forodhani, bustani ya kando ya bahari katika Mji Mkongwe inakouzwa chakula jioni, kabla ya magharibi, na nikimuuliza miezi kadhaa baadaye anakumbuka nini, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ingawa huwa nimemweleza kwa kirefu. Mmoja alinijibu kuwa alipofungua begi kwao Ujerumani, mtandio wake ulikuwa bado unanukia moshi wa mishikaki, na papo hapo akamkumbuka muuza juisi.

Muuza juisi huyo anastahili kutazamwa kwa utulivu. Huupitisha muwa kwenye mashine, akaukunja, akachomeka kipande cha ndimu na tangawizi katikati, kisha akaupitisha tena mpaka ubaki makapi makavu, na glasi hukufikia ingali na povu. Wakati huohuo vijana wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakishangilia, hadi adhana inapoanza na kelele zikapungua zenyewe. Hakuna mwongozaji anayeweza kukupangia hayo.

Bustani yenyewe, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan, ni safi na ina nafasi ya kutosha. Nyuma yake ipo Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Sultani Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sijawahi kuzoea kuitazama tangu siku hiyo.

Chakula hakilingani ubora. Urojo ni mzuri, mzito kiasi, wenye ukali wa embe na bajia ambazo hazijalowa kupita kiasi. Pweza niliyeuziwa mara ya mwisho, kwenye meza ambayo sitaitaja, alikuwa amechomwa mapema akapashwa tu makaani, mgumu kama kandambili, na bei nikatajiwa baada ya kumla.

Naipa nyota nne kati ya tano, na iliyokatwa ni ya pweza huyo. Uliza bei kwanza, agiza kinachopikwa mbele ya macho yako, kisha ukae ukutani upande ule unakoelekea moshi, hata kama nguo zako ni mpya.