AIESEC au IAESTE: mwanafunzi ajiunge na ipi?

Hizi ni taasisi za kimataifa zinazowapeleka wanafunzi nchi nyingine kwa mafunzo ya kazi. Zote mbili zilizaliwa Ulaya mwaka 1948, nchi zikijijenga upya baada ya vita, na majina yake huchanganywa mno vyuoni.

IAESTE, iliyoanzia Imperial College jijini London, ni ya watu wa uhandisi, sayansi na fani za ufundi. Nchini Kenya ina makao JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja. Hubadilishana nafasi za mafunzo kwa vitendo: nchi ikileta nafasi moja kutoka kampuni ya kwake, mwanafunzi wake hupata moja nje. Mwajiri hulipa posho ya kujikimu; nauli, viza na bima ni juu yako. Kwenye posho hiyo ndipo nchi zinazoinukia kiuchumi hubanwa. Kiwanda kisicholipa hata wanafunzi wa nyumbani wanaokuja field kitamlipaje mgeni kutoka Brazil? Nafasi za ndani zikikosekana, na za nje hupungua, hata kama wanafunzi ni hodari.

AIESEC haichagui fani. Huendeshwa na vijana wenyewe, na viongozi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ubora wa tawi hupanda na kushuka. Ina kazi za kujitolea za wiki chache, ambazo kwa kawaida hazina malipo na mshiriki hutoa ada, pamoja na mafunzo ya kazi yenye posho.

Mhandisi aanze na IAESTE, tena aombe mapema. Wa biashara au sheria, AIESEC, ila aulize ada kabla ya kusaini chochote.