Kisu cha Kukunja Kinacheza: Kabla Hujanunua, Angalia Loki

Sikilizeni hii kwanza. Tk, tk, tk. Mmesikia? Nakisogeza kwenye maiki. Tk, tk. Hiki kisu nimekifungua mpaka mwisho, loki imeingia, na bado bapa linacheza!

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nimeudhika kwelikweli. Jina la kampuni sitalitaja, nimelifunika kwa tepu. Uzito, urefu, aina ya chuma, hayo yote yako kwenye video ya kwanza. Na kwa makali sina ugomvi nao, mpaka leo kinanyoa vinyweleo vya mkono. Tatizo ni loki.

Tazama humu ndani ya mpini. Kuna bamba jembamba la chuma, linafanya kazi ya springi. Ukifungua kisu linaruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa, kisu kisijifunge. Mtindo huu ulienezwa na fundi wa Marekani, Michael Walker, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa umejaa kwenye visu vya kila bei. Kisu kikiwa kipya, bamba linagusa ukingo wa kitako upande wake tu. Sasa angalia hili, nalielekeza kwenye mwanga. Limevuka kitako chote, limegota upande wa pili! Kadiri lilivyolika lilizidi kusogea kuziba nafasi. Sasa halina pa kusogea, ndiyo maana bapa linapanda na kushuka.

Kwenye maoni watu wanachanganya bapa kucheza kushoto-kulia na kucheza juu-chini, kwa hiyo shika hapa. Mpini mkono wa kushoto, bapa nalibana kwa vidole viwili upande wa mgongo. Kushoto, kulia: linacheza kidogo. Hiyo ni skrubu ya hapa kwenye bawaba. Bisibisi, nakaza kidogo sana, tone la gundi ya skrubu, basi. Ona, limetulia. Sasa juu, chini. Tk, tk. Bado! Hapo kaza mpaka kisu kigome kufunguka, hakiponi, kilicholika ni bamba na kitako.

Na vidole vyako viko kwenye njia ya makali. Ukichoma kitu kigumu, bamba likateleza, kinakufungia vidoleni.

Kinacholika haraka ni kile cha kufunguliwa kwa kurusha mkono, pale bamba linagongwa kila siku. Kugonga mgongo wa kisu upasue kuni ndiyo kabisa, loki yote inapokea nyundo. Lakini hiki kimekata kamba za katani na maboksi ya stoo tu. Kazi ya kawaida!

Mpini wake naupenda, unakaa mkononi vizuri mno, nilitaka hata kuwasamehe. Halafu nikaingia dukani nikakuta wamepandisha bei. Hapana.

Kwa pesa hiyo angalia Opinel, ya Savoie kule Ufaransa, iko tangu 1890. Loki yake ni pete ya chuma unayoizungusha kwa kidole, waliiweka 1955. Mdomo wa pete una mwinamo, kwa hiyo ikilika unaizungusha mbele zaidi, inabana tena. Tazama, grrk. Hakuna mchezo. Ubaya wake ni mpini wa mti, ukilowa unavimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Buck 110 nayo, ya 1964, loki iko mgongoni, nzito lakini imara. Ya loki ya mgongoni ikicheza kidogo sana juu-chini hata mpya, usishtuke, ni kawaida yake.

Video sasa zinatoka Ijumaa jioni, si Jumapili tena. Ijumaa hii nakifungua hiki chote, skrubu moja moja, tuone kitako kilivyolika. Wewe chukua chako sasa hivi, kielekeze kwenye mwanga, uniandikie hapo chini bamba limefika wapi.