Uzoefu wangu: mfuko wa senti tano za Kanada za wakati wa vita, 1943 hadi 1945

Mwezi Februari niliagiza kwa posta mfuko wa sarafu 60 za senti tano za Kanada kutoka kwa muuzaji mmoja wa sarafu za zamani hapa Ontario, nikalipa dola 48 pamoja na gharama ya kusafirisha. Tangazo lake lilieleza kwamba sarafu hizo zilitoka katika droo ya mkusanyaji mmoja, kwamba hazikuwa zimechambuliwa kwa miaka mingi, na kwamba kadhaa zilikuwa na nyufa za muhuri, yaani alama zinazoachwa juu ya sarafu na muhuri wa kugongea uliopasuka. Nimekaa nazo miezi mitatu, nikizitazama moja moja kwa lenzi inayokuza mara 10, na naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua mfuko wa namna hii.

Kabla ya vita senti tano ya Kanada ilikuwa ya nikeli tupu. Nikeli ilipohitajika kwa silaha, mwaka 1942 kiwanda cha sarafu cha Ottawa kilihamia kwenye tombaki, yaani shaba asilimia 88 iliyochanganywa na zinki asilimia 12. Kwa kuwa tombaki ikichakaa hufanana sana na senti moja ya shaba, sarafu hiyo ilipewa pande 12 ili zisichanganywe. Mwaka 1943 yule panya mkubwa wa majini aitwaye biva, ambaye picha yake ilikuwa kwenye sarafu hiyo, aliondolewa, na Thomas Shingles, mchongaji mkuu wa kiwanda, akachonga kwa mkono wake mwenge unaowaka pamoja na herufi V, ambayo ni alama ya ushindi na papo hapo ni tano katika namba za Kirumi. Kuzunguka picha karibu na ukingo, mahali pa vijimeno vya kawaida vya mapambo, aliweka nukta na vistari vya msimbo wa Morse vyenye ujumbe wa Kiingereza usemao kwamba tunashinda tunapofanya kazi kwa moyo. Mwaka 1944 tombaki nayo iliachwa, na zikatolewa sarafu za chuma kilichopakwa nikeli na kromi.

Mfuko wangu ulikuwa na sarafu 22 za tombaki, 17 za mwaka 1944 na 21 za mwaka 1945. Idadi ilikuwa kamili na ufungaji ulikuwa mzuri. Hali ya sarafu zenyewe ilipishana mno. Zile za chuma nyingi zina kutu kwenye ukingo, na hilo simlaumu muuzaji, kwa sababu bamba la chuma lilipakwa kwanza na vidonge vya sarafu, yaani visahani vitupu ambavyo bado havijagongwa picha, vikakatwa baadaye, hivyo ukingo ulibaki wazi tangu siku ya kwanza. Ninachomlaumu ni sarafu tatu za tombaki zilizosuguliwa hadi zikang'aa kwa wekundu usio wa asili, bila neno lolote kuhusu jambo hilo katika tangazo. Sarafu ya zamani haisafishwi, na iliyosafishwa inapaswa kutajwa hivyo kabla ya kuuzwa.

Sasa nyufa, ambazo ndizo zilizonifanya nitoe fedha. Muhuri ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, nao hugonga maelfu kwa maelfu ya vidonge mpaka uchoke na kupasuka. Metali ya sarafu inapogongwa hujipenyeza ndani ya ufa huo, na kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana juu ya sarafu kama mstari ulioinuka, ilhali mkwaruzo wa kawaida huwa umezama. Tofauti hii ni rahisi kuieleza lakini ni ngumu kuiona. Muuzaji alikuwa ametenga sarafu tisa katika bahasha ndogo zilizoandikwa "ufa", na kwa hesabu yangu tano tu ndizo zenye ufa wa kweli. Moja ya zile nne nyingine ilinisumbua jioni nzima: mstari mweusi unaokata shavu la Mfalme George wa Sita, uliojaa uchafu kiasi kwamba chini ya taa iliyo juu moja kwa moja ulionekana umeinuka. Nilipoilaza taa karibu na meza na kuizungusha sarafu polepole, kivuli kiliangukia ndani ya mstari, na hapo nikajua kuwa ni mkwaruzo. Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha, naye akanirudishia dola sita baada ya siku kumi.

(Mfalme huyo si mgeni kwangu. Bibi yangu alihifadhi shilingi za Afrika Mashariki zenye kichwa chake upande mmoja na simba upande wa pili, nazo ndizo sarafu za kwanza nilizowahi kuzitazama kwa makini.)

Jambo lililonilipa gharama yote ni sarafu mbili za mwaka 1944. Katika ya kwanza ufa mwembamba kama unywele unaanzia ukingoni, unapita katikati ya nukta mbili za Morse na kuishia kwenye mguu wa kulia wa V. Katika ya pili ufa uleule, wenye kona ileile ndogo karibu na nukta, umepanuka, umeikata V na kufika kwenye mwenge. Zote mbili ziligongwa na muhuri mmoja, moja mapema na nyingine baadaye, na kati yake kiwanda kiliendelea kuutumia muhuri uliokwisha kupasuka. Mwaka huo zilitolewa zaidi ya milioni 11, kwa hiyo kuzikuta mbili za muhuri mmoja ndani ya mfuko mmoja kunanifanya niamini ile habari ya droo ya mkusanyaji. Sokoni nyufa ndogo kama hizi haziongezi bei sana. Anayenunua kwa kutarajia faida atavunjika moyo.

Kwa anayeanza, ningependekeza mfuko huu kwa sharti la kuwa na lenzi nzuri na taa inayoweza kulazwa, na aombe picha za karibu kabla ya kulipa. Mimi nimeagiza mwingine, wa 1944 peke yake. Sarafu zangu mbili nimeziweka pamoja, ya ufa mfupi kushoto na ya ufa mrefu katikati, na upande wa kulia nimeacha nafasi ya ile iliyogongwa wakati kipande cha muhuri kilikuwa kimeshamomonyoka.