Nililipia mlinzi wa simu ya mwanangu, fundi wao akampa na VPN

Jina la kampuni sitalitaja. Mume wangu kanikataza, na tangu ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ifanyiwe marekebisho mwaka 2022, hapa Uganda kila mtu anafikiri kwanza kabla ya kumwandika mtu mtandaoni. Itoshe kusema wanauza ulinzi wa watoto mtandaoni, wana duka katikati ya Kampala, wana bango la familia inayocheka meno yote nje, na unalipa kila mwezi kwa pesa za simu. Wanaowajua wameshawajua.

Asiye na muda asome hapa tu: msinunue.

Sisi tunakaa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala. Binti yangu yuko bweni, na kule simu haipiti getini, kama ilivyo kwa shule nyingi za hapa. Basi muhula mzima hana simu, likizo ikifika anaishika kama aliyefunga anavyoshika tende magharibi. Simlaumu. Ila ana miaka kumi na miwili, na mimi nilitaka kitu cha kumzuilia picha chafu, kamari, na hao watu wazima wanaojipenyeza kwenye gumzo za michezo ya watoto. Hicho ndicho nilichouziwa, kwa maneno yao wenyewe.

Siku ya kuwekewa, nilipomsalimia fundi wa duka kwa Kiswahili alinitazama juu mpaka chini. "Nyabo," yaani mama, "uko jeshini?" Nimezoea, hapa wengi wanakiona Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, lakini habari hiyo bado haijafika kwenye lile duka. Tukaelewana kwa Kiganda changu cha sokoni. Kijana ana kasi, nampa haki yake. Akabonyeza, akabonyeza, akanirudishia simu: "Tayari nyabo. Ukiona kafunguo haka hapa juu, ujue mlinzi yuko kazini."

Ukae na huo ufunguo kichwani, maana hasira yangu yote iko pale.

Likizo ikaanza, nikawa mama wa kuchungulia ufunguo. Mtoto akiwa sebuleni, napita nyuma yake, nachungulia kona ya kioo: upo. Roho inatulia, narudi jikoni. Hata dada yangu nilimsifia huduma hiyo, na sasa inanibidi nimpigie simu kumwambia asilipe.

Jioni moja mtoto akaniletea simu mwenyewe. "Mama, hii inaniuliza kama nataka kubeti." Tangazo la kamari, limejaa kioo kizima, mipira na noti zinarukaruka. Sheria yetu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Ishirini na mitano! Wangu hajafika hata nusu yake. Na hapo hapo juu ya lile tangazo, kwenye kona yake ile ile, ufunguo umekaa kimya.

Nikampelekea mpwa wangu anayetengeneza simu. Hakuchukua muda. Ndani ya ile simu kulikuwa na vitu viwili: programu ya ulinzi niliyoilipia, na VPN ya bure ambayo sikuiomba, yaani programu ya kupitishia intaneti njia ya pembeni, hata palipofungwa pafunguke. Kumbe huo mlinzi nao hufanya kazi kwa njia ya VPN. Anapitisha kila kitu kwake ndani ya simu ili akague tovuti gani inafunguliwa. Na Android hairuhusu VPN mbili ziwake kwa pamoja. Ukiwasha ya pili, ya kwanza inazimika, bila kelele. Alama yao ni moja, ufunguo ni ule ule. Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa naulinda ufunguo wa ile nyingine. Na VPN nyingi za bure zinaishi kwa matangazo. Huko ndiko kamari ilikotoka.

Nani kaiweka? Binti aliapa, na mimi najua kiapo chake cha kweli na cha uongo. Mpwa akachokonoa kumbukumbu za simu: iliwekwa siku ile ile ya dukani, dakika chache baada ya mlinzi.

Sasa hapa lazima tuseme ukweli wa nchi yetu. Mganda gani hana VPN? Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp na Facebook, na ndipo hata bibi wa kuuza ndizi alipojifunza neno VPN, ili aikwepe kodi hiyo. Mwaka 2021 ile kodi ikaondolewa, ikaja asilimia 12 kwenye data, lakini Januari ya mwaka huo huo Facebook ilikuwa imeshafungwa wakati wa uchaguzi. VPN zikabaki kwenye simu zetu. Fundi wa simu Kampala anaiweka bila kuuliza, sawa na anavyokubandikia karatasi ya kulinda kioo. Hilo nalielewa. Nisichoelewa ni kampuni inayouza ulinzi wa watoto katika nchi ya namna hii, ikakaa, ikapanga bei, ikachapisha bango, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza: je, VPN?

Nilipanda taksi mpaka mjini na hasira zangu zote. Fundi ni yule yule. Wala hakukataa. "Nyabo, hiyo tunawawekea wateja wote. Ni zawadi."

Zawadi!

Nikaomba mkubwa wake. Akaja dada mmoja mwenye kucha ndefu, simu mkononi, macho kwenye simu. Nikaeleza yote, la ufunguo, la tangazo, la umri. Alinisikiliza huku anaandikiana na mtu. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: "Kwani simu yako wewe haina VPN?" Watu wakacheka. Akaongeza, "Sasa mama awe nayo, mtoto asiwe nayo?" Wakacheka tena. Tangu siku hiyo nikilala namjibu, kila jibu tamu kuliko la jana. Pale dukani sikutoa hata moja.

Kisha, kwa ajili ya kufungua malalamiko, akataka tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na picha yake. Ya nini? Tangazo la kamari linahitaji picha ya mwanangu? Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtoto hazikusanywi bila ridhaa ya mzazi, na mzazi ndiye mimi niliyesimama pale, na sikuridhia. "Basi malalamiko hayafunguki," akasema, akarudi kwenye simu yake. Fedha sikurudishiwa.

Hapo ndipo ningeishia, lakini sitaki kuwa mwongo. Mpwa aliing'oa ile ya bure. Akaingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya VPN, akaweka mlinzi awe amewashwa daima, na intaneti ikatike kabisa mlinzi akizimwa. Kazi ya kunywea chai. Toka siku hiyo ile programu ni kitu kingine. Saa tatu usiku simu inajifunga, na vita vya kugombania simu kitandani vimekwisha nyumbani kwangu. Tovuti za kamari hazifunguki. Na siku moja ikanitumia onyo: kuna mtu kwenye mchezo anamwuliza binti anasoma shule gani, na anataka wahamie WhatsApp.

Mikono ilinitetemeka. Nikapiga 116, ile laini ya kusaidia watoto iitwayo Sauti, ya Wizara ya Jinsia, ya bure, na pale nikapata mtu aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nipige picha ujumbe kabla sijamzuia yule mtu, nisimjibu, nisimgombeze mtoto asije akanificha kesho. Linganisha na dada wa kucha, anayelipwa kwa pesa yangu.

Kwa lile onyo moja ningelipa hata mara mbili. Nalikiri. Halafu nikifikiri kwamba onyo lile lisingefika kama VPN ya zawadi ingebaki, damu inachemka upya. Mpwa ananiambia nisizidishe: ujumbe programu inausoma kwenye arifa za simu, njia tofauti, VPN isingezuia. Sawa. Basi onyo ni lao, sifa wachukue. Lakini kamari je? Na kicheko cha foleni je?

Kama utakwenda, na najua mtakwenda, usitoke dukani kabla hujafungua mwenyewe sehemu ya VPN na kuona majina mangapi yako pale. Liwe moja. Ufunguo usiuamini hata kidogo, hausemi ni wa nani. Na fundi akikuletea habari ya zawadi, mwambie aipeleke kwao.

Juzi wamenitumia ujumbe: kifurushi kinaisha, familia yako iko salama nasi, lipa sasa. Nilitukana peke yangu jikoni. Kisha nikaangalia kalenda ya shule, likizo hiyo inakuja. Nimelipa. Nilisema msinunue na mimi nimelipa, haya, nichekeni na nyinyi. Dukani lakini sirudi. Na yule dada, kama anapita hapa: VPN yangu ni ya Facebook, nina miaka arobaini na kitu, na gongo inauzwa Bombo nzima, hiyo nayo nimpe mtoto kwa sababu mama yake anaruhusiwa?